Esta, Nimehamia Simu Mpya

Esta, mtani wangu,

Kaa vizuri huko uliko, maana ninaandika barua. Ndiyo, mimi! Kandida, ambaye hajawahi kukalia dawati hata la kuazima. Usianze kucheka. Nina simu mpya, na simu hii nikigusa pale penye alama ya kipaza sauti nikasema, yenyewe inaandika. Nasema "Esta", herufi zinatoka zimejipanga kama usipa, dagaa wenu wa ziwani, kwenye chanja. Binti yangu Restituta amekaa hapa pembeni, kazi yake kuweka nukta na mkato tu. Nimemwambia akigusa neno langu lolote leo analala na njaa.

Wewe ndiye ulikuwa unanisomea barua zangu ukipanda huku mlimani, tena unaongeza uongo wako. "Hapa padri wenu anasema Kandida aache ubishi." Padri gani! Na mimi mjinga nilikuwa naitikia.

Ile simu ya zamani unaijua, aliyoniletea mwanangu Tasilo kutoka Dar. Nzuri, lakini jeuri. Ya ukoo mwingine kabisa, chaja yake hapa kijijini Mpepai kote hakuna wa kukuazima, na mwishoni ilikuwa haimalizi hata misa moja, inazima. Nikasema basi, kahawa ikiuzwa nanunua simu kama ya watu. Tumeshuka na Restituta mpaka Mbinga mjini, tumeinunua. Esta, ina betri hii! Naichaji leo, keshokutwa bado iko macho inanitazama.

Kuianza sasa, ni kama kupeleka posa. Maswali! Wataka lugha gani? Restituta akasoma kwamba Kiswahili kipo, nikapiga vigelegele mpaka mbuzi wakashtuka. Jina lako nani, umezaliwa lini. Nimezaliwa lini inamhusu nini? Halafu weka kidole. Nikaweka, ikakataa. Nikaweka kingine, ikakataa. Vidole vyangu jembe limeshavilamba vyote, havina mistari. Nikaitukana kwa Kimatengo. Restituta akasema, "Mama, jaribu kile kidogo cha kushoto." Kikakubali! Kile kile ulichokuwa unasema ni kivivu, kinanyooka pembeni wenzake wakishika mpini.

Basi Restituta akazilaza simu mbili mezani, waya katikati, akasema vitu vinahama, nisubiri. Kimduara kinazunguka, nami nimekaa kama mkunga. Mara picha zinaingia. Wajukuu, kahawa yangu ilivyochanua, Tasilo na ile suti. Na wewe, umemshika samaki mbasa mkubwa kama mtoto wa ubatizo, meno yote nje. Jina lako likaingia, uso wako ukaingia. Nikashangilia. Restituta akaenda sala ya jumuiya.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Unajua sisi tukihama nyumba. Ile ya zamani unaifagia mpaka majivu ya jikoni unayazoa, mtu mbaya asije akachezea uchafu wako. Na ile simu nilishaahidi kumpa mke wa Tasilo. Nikasema siwezi kumpa mkwe nyumba chafu. Kusoma sijui, lakini kale kapipa ka taka nakajua. Nikaingia kwenye meseji, nikashika uso wa kila mtu, nikagusa pipa, ikiniuliza nagusa penye rangi nyekundu. Nikafagia wote. Nikakufagia na wewe, kwa moyo mweupe kabisa, naimba.

Halafu nikafungua mpya nisikilize sauti yako, maana kila asubuhi tangu tukuzike nasikiliza moja kabla ya kuwasha moto. Uso upo. Nikagusa. Ndani hamna kitu. Kweupe.

Restituta aliporudi akanieleza kwamba picha na majina vilihama, lakini sauti zilikuwa bado kule nilikofagia. Simu za koo mbili hizi, sauti zilihitaji kuhamishwa kwa njia yake, na yeye alikuwa anarudi kuifanya kazi hiyo. Esta, nililia. Siku ya mazishi yako sikulia, nilifanya kazi ya mtani. Nilikaa kwenye mdomo wa kaburi nikasema hashuki mtu hapa mpaka nirudishiwe sufuria yangu, na watu walicheka mpaka padri wenu akaziba mdomo. Sasa nililia yote. Nilikuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii peke yangu.

Nikalala hivyo hivyo. Asubuhi nikapiga magoti jikoni, jiko limezimika, kiberiti kimelowa. Nikachukua kigae niende kwa mama Oska kuomba moto, kama tunavyofanya huku tangu usichana wangu. Nikiwa njiani nikasimama. Mama weee! Moto si uko kwa jirani? Sauti aliyonitumia Esta, si ilitoka kwenye simu ya Esta?

Kigae nilikitupa hapo hapo. Nikavaa, nikapanda gari la kushuka ziwani. Kona zile zote dereva nilikuwa namwambia ongeza, yeye ananiambia, "Bibi, unawahi harusi ya nani?"

Nimefika Liuli, binti yako Neema yuko ufukweni anageuza usipa. Amekonda, lakini mdomo ni wako. Shikamoo yake sijamaliza kuiitikia nikamwuliza simu ya mama yako iko wapi. Akasema iko sandukuni, hajaiwasha tangu siku ile, hawezi. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi pia siwezi. Twende tusiweze wote wawili." Akafuta mikono.

Tukaichaji. Tukakaa kwenye mkeka wako. Ikawaka. Neema akachora ile alama yako ya kufungulia, akaiwekea bando. Na kabla hatujagusa chochote, kabla hatujatafuta hata sauti moja, simu yangu mpya ikalia kwenye pindo la khanga. Nikaitoa. Ni wewe. Uso wako na mbasa wako. Meseji mpya, Esta! Neema alipiga yowe, jirani akaja na mwiko.

Neema ndiye aliyeelewa. Uliirekodi ukiwa kitandani hospitalini, bando likawa limekwisha, ikakaa humo inasubiri. Nikagusa kwa kile kidole kivivu.

"Kandida, we mtu wa mlimani, uko wapi? Nasikia unakuja kesho. Niletee magimbi, uji wa Neema ni maji ya kunawa. Na ukikuta nimelala, niamshe. Usinionee haya."

Neema alicheka kwa ajili ya ule uji, alicheka mpaka akaniangukia mapajani, na huko huko kicheko kikageuka. Nikamshika. Tumekaa hivyo hadi usipa wake ukaliwa na kunguru, na hakuna aliyejali. Baadaye tukacheza zote. Unaniambia usipa haupikwi kama maharage. Unanitukana kwa Kinyasa. Unakohoa, unasema si kitu, vumbi la dagaa. Neema anazituma moja moja, simu yangu inalia, inalia, inalia. Nimekuhamisha mzima, Esta, hata kikohozi. Na ile simu yako haifagiwi. Neema anaichaji kila Jumapili, tumekubaliana.

Nakuahidi hivi. Magimbi yamekomaa kule bondeni. Wiki hii nayachimba, nashuka nayo Liuli, nampikia Neema, na uji namfundisha mimi mwenyewe, maana kweli ni wa kunawa, nimeuonja. Hana mama, lakini mtu wa kumgombeza anaye. Atanisikia mpaka achoke, kisha atanisikia tena.

Siku ile nilikuja hospitalini, Esta. Nilikuja na magimbi bila kuambiwa, maana nakujua. Nikakukuta umefunikwa shuka mpaka juu. Sikukuamsha, nilikuwa sijaambiwa.

Leo nimeambiwa, na nimekuamsha vya kutosha, kijiji kizima kimekusikia. Sasa pumzika, mtani wangu. Nikikumiss nitakugusa kwa kidole.

Wako wa mlimani,
Kandida