Mkuyu wa Kaka Salumu

Jumatatu, 7 Julai
Majani saba ya mkuyu chini asubuhi hii. Nimeyafagia kabla Mama hajatoka chumbani. Kisha kidole kwenye udongo: tope. Jana pia tope. Na simwagilii! Maji ya kujaza kikombe kimoja cha kahawa kila siku ya pili, basi, kama Salumu alivyoniandikia. Kiangazi hiki mvua hatujaiona tangu Mei. Tope linatoka wapi?

Wiki mbili sasa tangu niuhamishe. Paka aliangusha chungu cha zamani, kikawa vipande. Ningefanya nini, niache mizizi nje? Nikakata iliyovunjika, nikaupanda kwenye bakuli la udongo nililolitoboa kwa msumari. Bonsai, mti uliodumazwa chunguni, wa miaka kumi na tisa, kimo hakifiki kiwiko changu. Salumu aliutoa mche kwenye mfereji wa paa la duka lake la saa, kule mtaa wa Asiatique hapa mjini, akaulea. Kaka yangu hana mke. Ana mkuyu.

Yeye yuko Dar, hospitali, anangoja kupasuliwa mgongo. Mkuyu unanifia mimi mikononi.

Jumatano, 9 Julai
Salumu kapiga simu. Mti vipi? Mzima, nikasema. Nami nikauliza mgongo. Mzima, akasema. Waongo wawili wa tumbo moja.

Mama akaja kusimama karibu yangu. "Kamuti kakipona, na mwenyewe atapona." Nimekasirika hadi sasa. Kwa nini aseme vile?

Majani kumi na moja.

Ijumaa, 11 Julai
Essence ya magari hakuna mjini, mabasi hayatembei. Nimetembea kutoka kwetu Bwiza mpaka Kigobe, bakuli kifuani. Watu wananitazama. Watazame.

Muuza maua wa kando ya barabara alinusa udongo tu. "Dada, mizizi inaoza. Munauzamisha huu muti." Akautoa, akakata mizizi myeusi, akaupanda upya kwenye mchanga wa chembe kubwa na matofali yaliyopondwa. Kivulini. Maji kidogo sana. Ukiwa na bahati, kasema, utapona. Sikupenda hilo neno bahati.

Jumapili, 13 Julai
Umelowa. Tena!

Nimemvaa Mama Furaha, Mkongomani tunayepanga naye ua mmoja. Nilidhani anamwaga maji ya kufulia. Akaweka bidoni yake ya maji chini. "We Zuwena, maji mi natembea kuyatafuta, kisha nimwagie muti wako? Apana." Kaingia kwake, kafunga mlango. Haki yake. Nina mdomo mbaya.

Jumanne, 15 Julai
Upasuaji ni keshokutwa. Salumu anataka foto ya mti. Yamebaki majani tisa. Nimemtumia foto ya zamani, ile iliyojaa kijani. Dakika mbili hazikupita: "Hiyo nilipiga mimi. Niambie kweli."

Simu nimeilaza kifudifudi.

Jumatano, 16 Julai
Sikwenda kuuza vitenge. Nimekaa nyuma ya pazia kama polisi.

Adhana ya adhuhuri. Mama katoka na birika, kavuta kigoda mpaka kwenye mti, kaanza kutawadha. Juu ya bakuli! Mikono, mdomo, uso, mpaka miguu, maji yote yanaingia kwenye mizizi. Na midomo inacheza: Salumu, Salumu wangu. Mara tano kwa siku. Wala hajifichi. Mi ndiye siku zote niko sokoni, au nimelala, au nashuku watu.

Nilitoka nimejaa hasira. Nikafoka: Mama, unauzamisha, unauua! Birika likabaki hewani. Miguu yake imelowa, midogo, ya kizee.

"Mi nilikuwa namuombea. Hospitali siwezi kufika. Hapa nafika."

Ya Rabi. Nilipiga magoti nikamkausha miguu kwa kanga yangu. Naona haya mpaka sasa hivi.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempigia Salumu alfajiri, kabla hawajamchukua. Nimesema yote. Paka, chungu, majani, foto, Mama na birika lake. Nikasikia pumzi zikikatikakatika. Nikajua nimemuua mimi. Kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema mgongo haumpi usingizi tangu mwezi wa tano, na anaogopa. Hajawahi kuniambia neno hilo maisha yake yote.

Nikamwambia hata mimi naogopa.

Mpaka laasiri ndipo watu wa hospitali wakapiga simu. Katoka. Miguu anaihisi. Alhamdulillahi.

Mti haukuangusha jani leo. Labda majani hayana hamu tena ya kuanguka.

Jumamosi, 19 Julai
Nimegonga kwa Mama Furaha na sahani ya mandazi. Nilisema nisamehe, nilikosa. Alikula moja pale pale mlangoni, akanikazia macho mpaka akalimaliza. Kisha akaonyesha gunia lake la udongo alimootesha mchicha wa lengalenga, ukutani, linakauka. Ikiwa nyumba yetu ina maji ya kumwaga, kasema, yamwagwe pale.

Jumapili, 3 Agosti
Salumu kakaa kitako robo saa. Ananung'unika kuhusu uji wa hospitali.

Kwenye tawi la chini kuna ncha mbili za majani mapya, nyekundu kidogo. Sikupiga kelele. Nilimwita Mama baada ya adhana. Alimaliza kutawadha kwenye lengalenga, akafuta mikono kwa kanga, kiganja, vidole, kimoja kimoja, mpaka ikakauka kabisa. Ndipo akaugusa.