Aliyeonja munkoyo wangu

Ilunga mjukuu wangu,

Hapa Kamina tuko wazima. Nkambo wako Ngoie, mke wangu, anakusalimu. Umeuliza kwa nini naonja kwanza munkoyo ninaompa mgeni. Ni desturi yetu: aliyepika bia hii huionja, mgeni aone haina sumu.

Wakati wa vita, askari aliingia nikichuja bia yangu ya mahindi. Kwa woga nikampa kikombe bila kuonja. Akaninyooshea bunduki.

"Kunywa weye!"

Akanirudishia kikombe, nikasita. Ngoie, ambaye hakuwahi kugusa bia, akakinyakua, akakimaliza.

"Mama, ulimaliza yote? Yangu iko wapi?" Askari akacheka, akaenda.

Ngoie akanigeukia: "Njo hii unapikaka kila juma? Iko chungu!"

Hajaionja tena. Mimi huonja kwanza, na bado nashangaa alivyokimaliza kile kikombe.

Nkambo wako, mpikaji