Somo la Nyota kwa Baba Mkwe

Kinyala, Tukuyu

Shoga yangu Rehema,

Ugonile! Ndiyo salamu ya huku. Mvua haikatiki, na lile koti la mtumba ulilonichagulia Manzese silivui hata nikila ndizi za moto.

Ukweni wananipenda, ila kwa mila yao mimi na baba mkwe hatuonani ana kwa ana. Jana, yeye sebuleni, mimi jikoni, redio ikasema ulimwengu unatanuka. Akamtuma mama mkwe: "Kamuulize mkwe wetu, si anafundisha fizikia? Wamejuaje?"

Nikaeleza, mama akawa anapeleka maneno. Mwanga wa nyota zinazolipuka unaonyesha galaksi, yaani kundi lile kubwa la nyota, iko mbali kiasi gani. Wekundu wa mwanga wake unaonyesha inatukimbia kwa kasi gani. Kipimo kimoja hakitoshi, wanasayansi wanaunganisha vyote viwili. Na iliyo mbali zaidi ndiyo inayokimbia zaidi.

Mama akakawia sebuleni. Nikadhani nimemkosea heshima. Mara mama akarudi anacheka: "Anasema hizo nyota zina adabu. Zinakimbiana kama yeye na wewe."

Sisi wawili, shoga, hatujakatazwa kuonana. Njoo, nimekukumbuka mno.

Wako, Tumaini