Nani Aliyesema Nihamishwe?

Harrow, 3 Februari 2025

Mwanangu Makena,

Bwana asifiwe. Kifua chako kimepona? Mimi sijambo, ila goti. Kwenye simu sisikii tena, ndiyo maana naandika.

Jana alikuja mama mmoja, Ushma, akasema yeye ni mtetezi wangu. Nikashtuka: "Kwani nimeshtakiwa nini?" Akacheka. Anasema kazi yake ni kutusemea sisi tunaoishi kwenye makao ya wazee, na makao hayamlipi. Eti kwenye bunge la nchi hii kuna muswada wa kuwapa watetezi nguvu zaidi. Sikuelewa vizuri.

Meneja naye anasema Ijumaa ya wiki ijayo nahamia makao mengine, huko Tooting, mbali na hapa, kwa sababu wewe umetaka. Kwa nini, mwanangu? Hapa nina Leena wa chumba cha pili, mzaliwa wa Nakuru. Ndiye pekee ninayeongea naye Kiswahili. Nimekukosea?

Mama yako


Glasgow, 6 Februari

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, na mtoto ameanza kutambaa. Barua yako nimeisoma mara tatu na bado nimechanganyikiwa. Mimi sikuomba chochote. Meneja alinipigia nikiwa wodini kazini, akasema wewe ndiye umeomba kuhama, umegombana na Leena. Nikajibu, "Kama Mama ameamua, sawa." Ni hilo tu. Nisamehe, ningekuuliza kwanza.

Mama, uligombana naye? Au umesahau? Usikasirike.

Mwonyeshe Ushma barua hii.

Binti yako, Makena


Harrow, 12 Februari

Makena,

Mnaendeleaje na mtoto? Uliponiuliza kama nimesahau, nilikaa siku nzima nikijishuku. Mwishowe nikamwendea Leena: "Tuligombana?" Akanishika mkono. "Lini, dada?"

Ushma alimpelekea meneja barua yako. Akamuuliza, "Nani hasa aliomba?" Meneja akasema hatukuelewana tu, kisha akakiri kwamba wanafunga ghorofa yetu. Akamwambia Ushma asirudi bila miadi. Ushma anasema muswada ukipita, hawataweza kumfungia mlango.

Safari ya Ijumaa imesimamishwa. Kabla hajaondoka, Ushma akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Makena, miaka minne hapa naulizwa chai au juisi. Nililia kwanza. Kisha nikasema nataka kukaa karibu na Leena, ghorofa yoyote. Akaandika, akanisomea mara mbili. Kama watakubali, sijui.

Lakini wewe ukipigiwa simu tena, wape jibu moja: wamuulize Mama.

Mama yako