Baba, Magesa Ameishika Injini

Baba,

Naanza na habari uliyokuwa ukiingoja, salamu zitafuata. Magesa ameishika ile injini. Ameishika kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, pale Bunda mbele ya duka lake la pembejeo, watu wakimtazama.

Najua ungeniuliza kwanza kama Mama anakula. Anakula. Yuko hapa kijijini Kiriba kwa Shangazi, anapalilia mihogo na kugombana na kuku wa watu. Sasa nisikilize.

Usishangae nikimtaja Magesa hivyo, kavukavu. Ni mdogo wako, tumbo moja, na tangu nijue kusema nilimwita baba mdogo. Jina hilo nimemvua. Shangazi ananigombeza, anasema damu haifutiki. Namwambia hata mimi sijasema inafutika.

Unakumbuka siku tulipolikuta lile gari? Lilikuwa nyuma ya ghala la pamba, Bunda, limezama matairi kwenye vumbi, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Gari fupi, pana, limeinama mbele kama linanusa barabara. Viti viwili tu. Wewe hukutazama rangi wala kioo kilichopasuka. Ulikwenda moja kwa moja nyuma ya viti, ukainua kifuniko, ukacheka peke yako, kwa sababu injini ililala pale, kati ya mgongo wa dereva na matairi ya nyuma. Konrodi, ule mkono wa pistoni, ilikuwa imetoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Uliingiza ngumi yako kwenye lile tundu ukanionyesha, umefurahi kama mtu aliyeokota kitu. Mama alipoliona likishushwa kwenye uwanja wako wa ufundi, Nyakato, Musoma, alisema, "Viti viwili! Na mimi nitakaaga wapi, juu ya bati?"

Injini nyingine tuliipata Makutano, kwenye gari la familia lililogongana na lori. Mwenyewe alifariki. Kabla hujagusa nati hata moja ulikwenda kwa wafiwa, ukakaa nao, ukasali nao, ukawaeleza unachotaka kufanya. Mjane wake akakwambia, "Ichukue, iendelee kutembea." Nilikuwepo. Nilisikia. Ndiyo maana hasira yangu haina shaka ndani yake.

Tulihangaika nayo, Baba. Mikono ya kuifungia haikulingana na chesisi, tukakata, tukachomelea, tukakata tena. Shafti za matairi zikawa fupi. Wayaringi, zile nyaya za umeme, uliniachia mimi, kwa sababu macho yako yalikuwa yameanza kuchoka ingawa hukukubali. Tulipolitoa mara ya kwanza kupanda kuelekea Butiama, likachemka. Moshi mweupe nyuma ya vichwa vyetu, nikajua tumeiua. Wewe ukavua shati ukakaa kwenye jiwe. "Rejeta iko mbele, injini iko nyuma. Maji yana safari ndefu, Nyanjura. Hewa imebanwa humo njiani, tuitoe tu." Tukaliacha likapoa, tukaligeuzia pua kwenye mwinuko, tukalegeza ile nati ndogo ya rejeta mpaka maji yakaja bila povu. Tulirudi Musoma salama, na njia nzima uliimba wimbo wa kwaya, sauti ya besi, bila kujua maneno yake yote.

Hiyo ndiyo injini aliyoisema Magesa.

Sijui ni wivu au ni nini. Alianza kwa kunong'ona pale dukani kwake, kwamba kaka yake amefunga chuma cha maiti. Halafu akaongeza: "Nimeiona kwa macho yangu. Damu imegandia kwenye bloku, haitokagi hata kwa petroli." Maneno yakasafiri kutoka Bunda mpaka Nyakato haraka kuliko basi lolote. Watu wakaanza kuja kuchukua magari yao, hata yaliyokuwa yamefunguliwa nusu. Mmoja aliliburuta kwa kamba pikapu lake lisilo na gia boksi, akaona heri hivyo kuliko kuliacha mkononi mwako. Ulimpigia Magesa simu mara moja tu. Nilikuwa nashika tochi. Ulisema, "Mdogo wangu, niache nifanye kazi." Akacheka. Nililisikia lile cheko likitoka kwenye simu.

Nikataka kwenda Bunda siku ileile. Ukanishika mkono. "Muache. Injini haidanganyagi." Ukamwacha, kifua kikakubana, ukalala, hukuamka. Siku unakufa uwanja wako haukuwa na gari lingine ila lile la viti viwili. Wanaosema ni kifua waseme. Mimi najua kilichokubana.

Kwenye mazishi yako alivaa suti na kushika leso nyeupe. Kila mchungaji alipotaja jina lako alijifuta macho. Nilikuwa karibu, Baba. Ile leso ilikuwa kavu.

Kisha mwenye uwanja wa Nyakato akataka nafasi yake, nikalileta gari Kiriba juu ya lori, pamoja na kabati la Mama, betri nimeitoa. Ikafika siku ya kumaliza matanga. Desturi ya ukoo wetu unaijua: anayedai kitu cha marehemu akishike mbele ya wote, aseme kwa nini ni chake, na neno lake la mwisho halirudi mdomoni. Magesa akasimama. Akataka gari! Lilelile la damu. Akasema mtoto wa kike hawezi kuachiwa mkosi kama ule, yeye atalipeleka likaombewe.

Nilitaka kumrukia. Shangazi akanikanyaga mguu.

Magesa akalishika gari, akatamba kidogo, kisha akafungua mbele ili ukoo uione injini yenye damu. Mbele, Baba. Ndani kulikuwa na tairi la akiba, jeki, na kile kiroba ulichombebea Mama dagaa, bado kinanuka. Akainama. Akachungulia chini ya tairi. Akainuka uso umembadilika.

"Injini iko wapi? Mmeiuza! Huyu binti ameiuza hata kaka hajapoa kaburini!"

Watu wa Kiriba wakanigeukia mimi. Wengine walikuwa hawajaliona gari lile likitembea. Shangazi alijua kila kitu, na bado mguu wake ulikuwa juu ya wangu. Mzee Mafuru, mkubwa wa ukoo, akamuuliza Magesa kama analikataa gari. Akajibu, "Nalikataa. Mpeni huyo mwizi afugie kuku." Mzee akamuuliza tena, kama inavyotakiwa. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo mguu wa Shangazi ukatoka juu ya wangu.

Nikamuuliza kwa adabu zote, kama ulivyonilea: "Siku ile ulipoiona damu kwa macho yako, ulifungua wapi?"

Akapiga kiganja kwenye kifuniko cha mbele. "Si hapahapa!"

Nikaenda nyuma nikainua kifuniko chake. Nikafunga betri, nikaingia, nikawasha. Ikakohoa kidogo halafu ikashika, safi, ule mlio wako. Mama alikaa chini akalia. Mzee Mafuru alizunguka kutoka mbele kwenda nyuma, akarudi mbele, kisha akamgeukia Magesa. "Kumbe hukuwahi kuiona," akasema. Shangazi akapiga vigelegele, matangani, bila haya yoyote.

Magesa aliondoka kabla ya chakula. Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa na wewe ungesema tuishie hapo. Lakini Kiriba haikukukimbia. Waliokukimbia walikimbia uongo uliotoka Bunda, na ukweli ulikuwa bado haujafika huko. Kwa hiyo nikaupeleka.

Nilichagua siku ya mnada, mji umejaa. Nikaegesha mbele ya duka lake, nikainua kifuniko cha nyuma, nikapanda juu ya ngazi zake na kupaza sauti: "Mimi ni binti wa yule fundi. Anayetaka kuiona damu, aje aiguse." Mwanzo walisimama mbali. Halafu akaja yule wa pikapu, naye alikuwa amekuja mnadani, akainama, akagusa bloku kwa kidole kimoja kama mtu anayepima uji. Wakaja wengine. Nikangoja. Duka lina mlango mmoja, ilimbidi atoke.

Alipotoka nilimwomba jambo dogo. Afute injini. Mahali popote anapopataka, pale alipoiona damu. Akatafuta uso wa kumtetea pale kwenye umati, hakuupata. Akatoa leso mfukoni. Ileile ya mazishi, Baba, nakuapia. Akafuta bloku, taratibu, huku na huku. Leso ikatoka nyeusi.

"Ni oili," akasema yule wa pikapu. "Ni oili tu, jamani." Mtu akacheka, wakacheka wote, na safari hii cheko halikutoka kwenye simu.

Nitakwambia na jambo lingine, maana sijawahi kukuficha. Ana vidole vyako. Kucha zilezile pana, kidole gumba kilekile kilichopinda. Nilichukia kuona hivyo. Nilitamani awe na mikono ya mtu mwingine kabisa ili furaha yangu iwe nzima. Akaninong'oneza, "Nyanjura, niache sasa."

Nikamjibu, "Hata Baba alikuomba hivyohivyo." Kisha nikaitwaa leso mkononi mwake.

Wanarudi, Baba. Nimepata uwanja mwingine Kitaji, hukohuko Musoma, na gari la kwanza kuingia lilikuwa lile pikapu. Nililitengeneza vizuri kama ambavyo ungetaka, na mwenyewe nilimsema vibaya kama ambavyo usingetaka. Amerudi tena, kwa hiyo hakuumia sana.

Leo nimekuja Kiriba kukuandikia nikiwa hapa kaburini. Leso nimeikunja na kuiweka mbele ya gari, juu ya tairi la akiba, palepale alipotafuta injini. Itakaa hapo. Shangazi anasema sasa inatosha, nimsamehe, ni mzee. Mchungaji naye anasema. Wewe ungesema pia, ndiyo maana nakuandikia barua: barua haijibiwi.

Nenda salama, Baba yangu. Pumzika, mikono imefanya ya kwake. Mimi nakuahidi hivi. Gari lina viti viwili, na kimoja hakijakaliwa tangu ulipotoka. Siku Magesa atakapokuwa tayari kuja kusema kwa kinywa chake hapa kwako kwamba alidanganya, nitamfuata mwenyewe Bunda. Nitamfungulia mlango, nitamfunga mkanda, na nitamketisha kwenye kiti chako. Kutoka Bunda mpaka Kiriba hii injini itanguruma nyuma ya kisogo chake, na sitasema naye neno. Mpaka siku hiyo, kiti ni chako.

Mwanao,
Nyanjura