Gauni la Miezi Minane

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kazi ya kumpigia picha Fundi. Ni mbunifu wa mavazi, lakini ukimwita hivyo anageuka kuona nani kaingia. Miezi minane anashona gauni moja la buluu. Jarida linataka picha moja kufikia Ijumaa saa kumi. Picha ikikubaliwa, gauni linakwenda kwenye maonyesho. Isipokubaliwa, anarudi kwenye sare za shule. Kasema hivyo huku anauma uzi, kana kwamba anazungumzia mvua.

Jumanne, 5 Machi
Picha mia mbili. Zote safi, zote zimekufa. Mdogo wake ndiye anayelivaa – linamning'inia kama pazia la ofisi. Fundi kaziangalia moja moja.
"Kaka, umepiga kitambaa. Mimi niko wapi humu?"
Kamera nilijifunza mwenyewe. Hilo sikujifunza.

Jumatano, 6 Machi
Sijui niandikeje. Mdogo mtu kavaa harakaharaka, katoka – mishono! Midogo kama sisimizi kwenye foleni, rangi nane, inashuka mgongoni, inajikunja kwapani. Nikadhani ndiyo nakshi yenyewe, jana mwanga uliificha. Nimepiga arobaini bila kupumua.
Fundi kaingia na pasi, kasimama.
"Wewe. Umelivaa ndani nje."
Mdogo kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi, mpiga picha wa mitindo, ndani na nje vilinipita.
Kumbe kila mwezi ulikuwa na rangi yake ya uzi. Miezi minane, yote mgongoni. Kwa nini afiche? Mama yao alimfundisha: nje ni ya watu, ndani ni ya mshonaji.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwonyesha Fundi picha ya ule mgongo. Kaiangalia mpaka chai ikapoa. Haiendi, kasema, ni sawa na kupigwa picha unaoga.
"Lakini dada, hapo ndipo ulipo."
"Wewe jifunze kwanza ndani na nje ya nguo."

Ijumaa, 8 Machi
Saa tisa u nusu. Picha mbili ziko kwenye kompyuta: pazia na mgongo. Nimeambiwa nisiguse kitu.
Fundi kalitandaza gauni mezani. Anafumua lebo ya jina lake, ile ya ndani ya shingo. Taratibu, uzi kwa uzi.
Saa kumi kasoro kumi. Lebo imetoka. Sindano i mdomoni. Analigeuza gauni, analigeuza tena, mishono inabaki juu, na lebo anaishonea upande uliokuwa nje: "Tuma mgongo."