Uzi Mguuni mwa Njiwa

Ndugu zangu, makomredi wa nyumba moja na tumbo moja,

Nawasalimu kwa salamu za mapambano, ingawa anayezitoa safari hii amechoka hadi kope. Dada Mkubwa, natumai mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Kaka Fundi, natumai umeme wa watu haujakurusha tena kutoka ngazini. Nawe Kitindamimba, natumai mitihani unaifanya badala ya kuisimulia. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Sauti imenikauka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuna aliyelalamika.

Mtaona kwamba sikuulizia mguu wa Baba. Tumeuulizia vya kutosha. Tangu kile kidonda kitokeze chini ya kidole chake, sisi wanne tumekijadili simuni kama bunge lililokosa spika: Dada akitaka hospitali kubwa, Kaka akisema mzee asisukumwe, Kitindamimba akituma dawa alizoziona mtandaoni, nami nikihutubia kuhusu haki ya afya kwa wote. Baba, kila tulipomgusia, alijibu kwamba kiatu kilimbana tu, kisha akarudi kukanyaga cherehani yake. Naandika barua kwa sababu simuni mngenikatiza. Nivumilieni kwanza niwasimulie habari ya njiwa, maana bila yeye hamtaelewa nilichokifanya.

Tulikuwa katika mgomo wa maji bwenini, na roshani zote tulikuwa tumezitundikia mabango kwa nyuzi nyekundu za nailoni. Asubuhi moja njiwa alitua kwenye roshani yetu akichechemea, mguu mmoja ameukunjia tumboni. Mwenzangu wa chumba, tunayemwita Kamusi kwa sababu hakuna neno analokubali lipite bila kulifafanua, alimfunika kwa taulo ili asipigepige mabawa, tukamkagua. Uzi ulikuwa umemzunguka juu tu ya vidole, ukazama nyamani. Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa wetu.

Hapo tukafanya kosa ambalo watu wa kamati pekee ndio wanaoliweza. Kwa kuwa chumba changu ndicho kilichokuwa ofisi ya mgomo, njiwa aliingizwa kwenye ajenda. Katibu alihoji iwapo tuna mamlaka ya kukata chochote mwilini mwa kiumbe bila daktari. Mjumbe mwingine akasema kuhangaika na ndege wakati wanafunzi hawana maji ya kunawa ni anasa ya kibwanyenye. Kamusi akamjibu kwamba njiwa naye ni mkaaji wa bweni, tena ndiye pekee asiyelalamikia vyoo. Nikafunga mjadala kwa hotuba ambayo sitaki kuikumbuka, tukaunda kamati ndogo, tukapitisha kwa kauli moja kwamba njiwa apone. Kisha tukatoka kuandamana, kila mmoja akiamini kwamba tukishakubaliana jambo limekwisha.

Jioni ya siku ya pili, kifuniko tulichomwekea maji kilikuwa kikavu na mguu umevimba. Kila mjumbe alidhani mwenzake ndiye aliyeteuliwa. Nilimshika, moyo wake ukidunda viganjani mwangu, nikavilinganisha vidole vya miguu miwili. Vya mguu mzima vilikuwa na joto na vikaking'ang'ania kidole changu. Vya mguu mbaya vilikuwa baridi, na kimoja kilikuwa cheusi kama mbegu ya papai. Sikuitisha kikao. Nilimwambia Kamusi ashike tochi na afunge mdomo, nikaulowesha mguu kwa maji ya vuguvugu, nikaukata uzi kipande kwa kipande kwa mkasi wa kucha na kuuchomoa kwa kibano. Kazi nzima ilikuwa fupi kuliko hotuba yangu. Vidole vilivyobaki vilirudiwa na joto. Kile cheusi hakikurudi. Kilikauka, na baadaye kikadondoka chenyewe juu ya kitambaa nilichomtandikia.

Nilikaa sakafuni nikikitazama, nikamwaza Baba.

Sasa naungama. Baba hakwenda kwa Shangazi kama alivyowaambia ili kunifichia aibu. Nilimpigia simu nikamdanganya kwamba nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu na kwamba bila mzazi nitafukuzwa chuo. Mtu tuliyeshindwa kumfikisha zahanati ya mtaa wa pili alipanda basi siku ile ile, akanifikia mlangoni akichechemea, shati limenyooshwa kwa pasi, utetezi wangu ameukariri njia nzima. Akauliza hao wakubwa wako wapi. Nikamwambia hakuna wakubwa, Baba, kuna kiatu tu, naomba ukivue. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Akasema ameshona sare za watoto wa mtaa mzima ili mimi nisome, kumbe nilikuja kusomea uongo. Nilimwonyesha kitanda akae.

Alikaa kitandani akanipa mgongo. Njiwa akawa anakwaruza ndani ya boksi, na Baba, hasira bado imemjaa, akauliza huyo naye ana nini. Nikamsimulia yote, kura, kamati ndogo na kidole kilichodondoka. Akasema kama ndege mmoja ametushinda, hilo taifa tunalolitaka tumwachie nani. Kisha akaomba apewe amshike. Aliugeuza mguu ule kwa vidole vyake vya ushonaji, akapapasa pale palipo wazi, akauliza iwapo uzi ungetolewa siku ya kwanza kidole kingebaki. Nikasema kingebaki. Alimrudisha boksini taratibu, akanyoosha mguu wake mbele yangu, akasema kamba za kiatu hiki siku hizi zinamsumbua, nimsaidie kuzifungua.

Yaliyokuwa ndani ya soksi sitayaandika. Tulifika hospitali kabla jua halijazama. Daktari anasema ni sukari, ilikuwa ikimla huku yeye akisikia maumivu kidogo tu. Wamemkata vidole viwili, mguu umebaki. Cherehani ya kukanyaga ataisahau kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililomliza, si vidole. Vidole anavifanyia mzaha: anawaambia wauguzi kwamba njiwa amemshinda kwa kidole kimoja.

Siku ya upasuaji nilitakiwa jukwaani. Wenzangu walinisubiri, nami nilikuwa nimeshika mfuko wa viatu vya mzee nje ya chumba cha upasuaji. Wengine sasa wananiita msaliti, na sina nguvu ya kujitetea. Kamusi anamlisha njiwa, na nasikia anasimama kwa miguu yote miwili.

Wasalimieni majirani. Nikemeeni kwa ule uongo, nimestahili, ila njooni mnikemee ana kwa ana. Kikao ni Jumamosi, wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Tutaamua nani atalala naye usiku, nani atambadilishia bandeji akirudi nyumbani, na nani atamwambia ukweli kuhusu cherehani, kwamba huenda asiikanyage tena. Kila mmoja aje amejiteua mwenyewe, asimteue mwenzake. Mwenyekiti ni Baba, na ameshatangaza kwamba hataki hotuba. Saa nne kamili asubuhi. Wauguzi hawamsubiri mtu.

Wenu katika mapambano na katika usingizi,
Wa Tatu